Upepo wa Ishirini na Sita

Gari lilikuwa limeshaondoka kwenye kibanda changu cha pancha pale Kayole, kisha likasimama, likarudi kinyumenyume. Wathome, mteja niliyekuwa nimemjazia tairi upepo, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, upepo umezidi. Gari inarukaruka kama mbuzi wa soko la Kiamaiko, na mtoto ametapika."

"Gari yako ni ndefu, mwanangu. Tairi ikilegea, kwenye kona itakulaza."

Akafungua mlango, akagonga kibandiko cha kiwandani chenye kipimo cha upepo wa tairi: ishirini na sita.

"Hiyo ni namba ya starehe, si ya usalama," nikasema.

"Kwani wewe ndiye uliyeiunda?" akauliza. Mkewe, kando yake, akacheka. Walikuwa wanampeleka mtoto kwa nyanya yake, Kitui.

Nikachuchumaa. Nikabonyeza vali kwa ukucha, upepo ukatoka ukinuka mpira moto, tairi moja baada ya nyingine. Ningeweza kumdanganya kwamba nimefikisha ishirini na sita. Sikumdanganya.

Wakaondoka, gari limetulia kama kitanda.

Lilipinduka kwenye kona kabla ya kufika Kitui. Wathome alizikwa Jumamosi. Mkewe anatembea kwa magongo. Mtoto analelewa na nyanya. Waliounda gari walisema kosa ni la tairi, na waliounda tairi wakasema ni la gari. Mimi nilihama Kayole.