Bangili ya Mzee Shekue

Siku hizi ufadhili wa shahada ya uzamivu katika utafiti wa kuzuia madhara ya kamari hupewa anayeishi na mcheza kamari, na hukoma siku mgonjwa wake akipona. Tunu alipoupata alisujudu. Baba yake, Mzee Shekue, akavishwa bangili inayowaka nyekundu kila hamu ya kubeti inapompanda. Ikiwaka, Tunu huacha vitabu, wakakaa jikoni kumenya karanga mpaka izimike.

Karanga zilifanya kazi yake. Mzee alirudi kucheka, alirudi msikitini, na bangili haikuwaka masika yote.

“Ufadhili wataukata sasa, Baba,” Tunu alisema wakinywa chai. “Wakate tu. Umepona, nitake nini tena?”

Mzee alimalizia chai yake. Kesho yake asubuhi Tunu alimkuta jikoni, ungo wa karanga mapajani, macho kwenye simu, anafuatilia matokeo ya mpira. Bangili ilikuwa nyekundu.

“Andika kwamba imewaka, mwanangu,” alisema akitabasamu. “Nimeiwasha makusudi, usome umalize.”

“Ahsante, Baba,” Tunu alisema. Akaketi, wakamenya pamoja.

Karanga zikaisha ungoni. Bangili ilikuwa bado inawaka.