Mbegu za Sifuni

Siku hizi sheria inataka mkulima akifa, mbegu zake nazo ziuawe. Namkunda alilijua hilo. Hata hivyo, msimu ulipoisha alizikamua nyanya za mwisho za binti yake Sifuni, aliyefariki masika, akaziacha mbegu bakulini mpaka utelezi wake ukachacha, akaziosha na kuzianika.

Bwana mbegu, afisa wa kusimamia sheria hiyo, alipofika hakufoka.

"Pole, mama. Lazima zichemshwe."

"Niachie japo moja, mwanangu."

"Ikiota, watang'oa shamba lote."

Namkunda hakutaka mkono wa mgeni uziguse. Aliinjika maji mwenyewe, akazimimina, akasimama pale akilia.

"Na zako, mama," bwana mbegu aliuliza kwa upole, "atazichemsha nani?"

"Sifuni," alijibu, kabla hajakumbuka.