Mwandiko wa Madamu Ametefe

Kamba ya kiatu ilizungushwa mara tatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Kafui, kisha ikafungwa kwenye mguu wa dawati. Madamu Ametefe alilikaza fundo kwa meno, akajifuta mdomo, akarudi ubaoni.

"Huo ni mkono wa chooni," alisema bila kugeuka. "Hapa tunaandikia wakubwa. Nani anataka barua ya chooni?"

Darasa la sita likaangua kicheko.

Madamu alikuwa na jambo moja la kujivunia: watoto wake arobaini na mmoja waliandika kama yeye. Herufi zake za kuunganisha, zile g zenye mikia iliyopinda kama ndoana, alikuwa amezipigilia vichwani mwao kwa rula ya mbao, hata wazazi walishindwa kujua daftari lipi la nani. Afisa elimu wa wilaya, Bwana Kpodo, alipokuja ukaguzi alilinganisha madaftari na ubao, akatikisa kichwa. "Madamu, hawa umewafyatua kama matofali!"

Siku hiyo somo lilikuwa barua rasmi, na mfano ubaoni ulikuwa wa kweli: barua yake mwenyewe ya kuomba ukuu wa shule. Mwalimu mkuu angestaafu mwisho wa muhula. Madamu alikuwa amekitamani kiti kile kwa miaka kumi na minne.

"Madamu, hata sahihi tunakili?" aliuliza Selorm, kiranja.

"Hata sahihi. Kwani sahihi si mwandiko?" Akaichora polepole, vitanzi vitatu na mstari chini. "Atakayekosea kitanzi anajua rula ilipo."

Alipita kati ya madawati, akasimama kwa Kafui. Mkono wa kulia ulikuwa umeandika kama kuku aliyetoka matopeni. Madamu akafunua kurasa za nyuma, kazi ya nyumbani. Huko kila herufi ilisimama mahali pake. Ila wino ulikuwa umepakazwa kuelekea kulia, mstari hadi mstari, vile kiganja cha kushoto kinavyoukanyaga kabla haujakauka.

"Nyumbani umetumia mkono gani?"

Kafui aliitazama kamba.

Rula ilishuka mara sita juu ya vidole vilivyofungwa, ambavyo havikuwa na pa kukimbilia. Kisha Madamu akazichana zile kurasa.

Wiki hiyohiyo akajaza fomu: *Hawezi kuandika. Hafai kuendelea.*

Mama yake Kafui alikuja akapiga magoti mlangoni. "Madamu, nakuomba, amalizie mwaka tu."

"Inuka, Mama Kafui, unachafua kitenge bure. Si una dada yako kule kisiwani Tordzinu? Mpeleke akakaushe samaki kwa moshi. Samaki hawaulizi mkono."

Watoto wa dawati la mbele wakachekea viganjani.

"Kule kisiwani hakuna mwalimu, Madamu. Shule imefungwa huu mwaka wa tatu."

"Sasa nani mwenye akili timamu atakwenda kule? Akamfundishe mbu kusoma?"

Kafui alikuwa nyuma ya mama yake, vidole vimefungwa kitambaa. Alimtazama Madamu mdomoni, kama mtoto anayeandika imla.

Wiki tisa baadaye wito ulifika kutoka ofisi ya elimu. Madamu alishonesha gauni jipya. Asubuhi hiyo, alipopita mbele ya chumba cha mwalimu mkuu, alilipima dirisha kwa macho. Angeweka pazia la bluu.

Bwana Kpodo alisimama kumpokea. Makarani wake wawili nao wakasimama.

"Madamu, miaka kumi na tisa niko kwenye ofisi hii, sijapata barua kama yako. Nimeisoma mbele ya mkurugenzi wa mkoa. Mzee mzima alitoa leso akafuta macho."

Madamu aliinamisha kichwa. "Niliandika tu yaliyomo moyoni."

"Inaonekana! Basi usidhani tumekuchelewesha. Mtumbwi utakungoja Jumatatu asubuhi."

"Mtumbwi?"

"Wa Tordzinu. Kisiwa kizima kimeshaambiwa, watu wanakupikia. Mkurugenzi amelitaja jina lako redioni: mwalimu aliyejitolea mwenyewe, bila kusukumwa."

Makarani wakapiga makofi.

"Bwana Kpodo, mimi niliomba ukuu wa shule."

"Na ukaufuta mwenyewe kwa barua hii iliyofuata, aya ya pili. 'Nikiwakumbuka watoto wasio na mwalimu, kiti hicho naona kinaniunguza.' Maneno hayo, Madamu! Usiwe na hofu, kiti tumeshampa Bwana Dogbe."

"Sijaandika hivyo. Huo si mwandiko wangu."

Bwana Kpodo alicheka, akamsogezea karatasi. "Wa nani basi?"

Madamu akaishika. Zilikuwa g zake, zenye mikia ya ndoana. Vilikuwa vitanzi vyake vitatu, na mstari chini. Hapakuwa na kosa hata moja. Ila katika kila mstari wino ulikuwa umepakazwa kidogo kuelekea kulia, na karatasi ilinuka samaki wa moshi.