Vijiko Viwili

Zipu iligoma. Kiranja aliivuta, akaivuta tena, akasonya kama mtu mzima.

"Begi la enzi za mababu hili. Nani ana meno?"

Wasichana wanne walikuwa wamebanana nyuma ya vyoo vya shule, na kengele ya chakula imeshalia. Begi walilichomoa chini ya dawati la Twiga, mwanafunzi mpya, mrefu kuliko mwalimu wa hesabu, aliyerudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu lugha ya hapa haijamkaa mdomoni. Wiki ya pili hii anashinda ukutani peke yake.

"Chiriku, zamu yako," alisema kiranja. "Benchi letu halikaliwi bure. Au na wewe ni wa kuja?"

"Mimi?" Chiriku alicheka upesi mno. "Nimezaliwa hospitali ile pale, ng'ambo ya barabara. Kamuulize mkunga!"

Wakaangua kicheko. Chiriku akaibonyeza zipu kwa kidole gumba, akaipinda kushoto. Ikafunguka bila ubishi.

"Mtoto una mikono ya mwizi wewe!"

Ndani mlikuwa na madaftari, bakuli la chakula, na vijiko viwili vilivyofungwa pamoja kwa mpira.

"Viwili? Anakula na nani, jini?"

Chiriku ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha akalinyanyua begi lote, akalitupa mtaroni, kwenye maji meusi ya jikoni.

Alipogeuka, Twiga alikuwa amesimama kwenye kona. Hakumwangalia hata kiranja. Alimkazia macho Chiriku, halafu akashuka mtaroni na viatu vyake.

"Tumekwisha. Huyo atatushtaki," mmoja alinong'ona.

"Hasemi," alisema Chiriku.

"Umejuaje?"

Chiriku alitangulia kuondoka. Mchana ule walimsogezea nafasi kwenye benchi, katikati kabisa.

Jioni alirudi kwa njia ya mzunguko, kama alivyofanya wiki hizi mbili. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa jikoni, anakausha madaftari juu ya jiko, ukurasa mmoja mmoja. Hakugeuka. Alizungumza kwa lugha ambayo Chiriku hakuwahi kuivusha nje ya mlango ule.

"Dada yako anasema aliteleza mtaroni. Vijiko vyenu vyote viwili vimekwenda na maji. Kesho mtakula na nini?"