Kopo la Vifungo

Zuwena alikuwa akitafuta kifungo cheupe cha shati la mteja. Alichokitoa koponi hakikuwa na matundu. Akatoa kingine, nacho hivyo hivyo.

"Baba Rukia, hizi si dawa zako za mafuta kwenye damu?"

Fundi Kheri, mumewe, aliacha kukanyaga cherehani.

"Zinanimaliza miguu. Nikizimeza mapaja yanawaka moto, saa sita haijafika pedali imenishinda. Tutakula nini?"

"Daktari umemwambia?"

"Ataniambia niache cherehani."

"Au atakubadilishia dawa."

"Na asiponibadilishia?"

Zuwena alivigeuza vile vidonge kiganjani.

"Marehemu kaka yako moyo ulisimama ghafla, anatoka sokoni kwa mguu," alisema. "Tulimzika na miguu yake mizima."

Fundi akanyoosha mkono, akapewa kidonge kimoja. Hakukimeza, wala hakukirudisha koponi. Alikiweka juu ya lile shati, kifuani, pale palipokosa kifungo, kikaenea sawasawa. Chini ya meza mguu wake uliitafuta pedali, ukatulia juu yake bila kuikanyaga.