Matokeo ya Alfajiri

Siku hizi mtambo hutuma kwenye simu, alfajiri, matokeo ya siku zijazo, ya mechi na ya wagonjwa, nani atapona na nani hatapona, na haujawahi kukosea. Hata hivyo, jioni uwanja hujaa. Mimi huficha simu ndani ya pipa la mchele ili binti yangu, Sekela, ashangilie kwa matumaini.

Jana alipiga vuvuzela mpaka midomo ikavimba. Mama yake, kajitanda kitenge, alikuwa akimmenyea karanga. Tulipofungwa bao la kwanza nikamwambia Sekela, "Usijali, mpira bado."

"Yatakuwa mawili, baba. Niliona asubuhi nikipima mchele. Nashangilia ili wewe ufurahi."

Kisha akaninong'oneza, "Na ya mama umeyaona?"

Mama yake akatugeukia, akacheka, akanipa karanga.

"Mpira bado," nikasema.