Kumlilia Mfalme wa Video

Mfalme alipoanguka kwenye kioo cha televisheni, upanga ungali mkononi, ukumbi mzima wa video pale mtaa wa Manyatta uliangua kilio. Vijana wakaokota fimbo zao, wakatoka mbio hadi uwanjani wakipiga kelele, kukifukuza kifo kama inavyofanywa kwenye matanga ya shujaa.

Kila Jumapili alasiri ilikuwa hivyo. Ilianza kama utani, lakini siku hizi wengine walitoka na machozi ya kweli.

Ogola peke yake alibaki kwenye benchi. Yeye ndiye aliyeuanzisha mchezo huu, na sikuzote ndiye aliyetangulia mbele. Leo miguu ilikataa. Saa yake ya mkono, iliyokuwa ikimbana mwaka jana, ilikuwa imepanda hadi karibu na kiwiko.

Wiki iliyopita walimzika ndugu yake, aliyekonda vivyo hivyo. Vijana hawa hawa walisimama mbali, kando ya ua. Hakuna aliyekimbia.

Rafiki yake mkubwa alirudi mlangoni akihema.

"Ogola, fimbo yangu imevunjika. Nipatie yako, bwana."

"Na siku yangu ikifika, mtakimbia?"

"Wacha hayo maneno! Wewe ndio mfalme wetu. Tutakimbia mpaka ziwani!"

Ogola akampa fimbo. Rafiki aliipokea kwa ncha, akatoka.

Kupitia mlangoni, Ogola alimwona akichutama, akachota mchanga, akaisugua fimbo pale Ogola alipokuwa ameishika. Kisha akakimbia kumlilia mfalme.